Walipoambiwa Wabebe Kuni

Mtumbwi ulikuwa wa Mzee Toyatte, na yeye ndiye aliyekuwa nahodha. Ilikuwa Oktoba 1879, wakati ambapo kusini-mashariki mwa Alaska mvua inaanza kugeuka theluji na watu wa huko hukaa ndani karibu na moto. Toyatte alikuwa baharini, akiwapeleka kaskazini wageni wawili aliowachukua Fort Wrangell: John Muir, mzaliwa wa Uskoti aliyekuwa akiishi California na kuipenda milima kupita kiasi, na Samuel Hall Young, mmisionari wa Kipresbiteri. Waliopiga kafi pamoja naye ni Kadachan, mtoto wa mkuu wa Wachilkat, John aliyekuwa mkalimani, na Charley wa Sitka.

Muir alikuwa na ramani ya pwani ile, iliyotokana na safari ya Mwingereza George Vancouver miaka 85 iliyotangulia. Mahali walipokuwa wakielekea, ramani haikuonyesha ghuba yoyote ya maana. Charley akasema ghuba ipo. Alipokuwa mtoto aliwahi kwenda huko kuwinda sili pamoja na baba yake. Ni kubwa, imejaa barafu, na haina mti hata mmoja. Wakitaka kupika na kuota moto, wabebe kuni.

Wenzake walisita kumwamini, maana pwani yote waliyopita ilikuwa msitu mtupu, misonobari imesongamana mpaka inaning'iniza matawi juu ya maji. Hata hivyo walibeba. Na walipoingia, ghuba haikuwa na mti. Charley mwenyewe aliduwaa, kwa sababu hakuitambua tena. Mahali alipokumbuka barafu, sasa palikuwa na maji.

Ghuba hiyo leo inaitwa Glacier Bay, yaani Ghuba ya Mito ya Barafu, na ni miongoni mwa sehemu ambazo meli za utalii za Alaska huziweka mbele katika matangazo yao. Msafiri hupanda Seattle au Vancouver, hupita siku kadhaa kati ya visiwa zaidi ya elfu moja, kisha asubuhi moja hufungua pazia la chumba chake na kuona ukuta wa buluu umesimama juu ya bahari. Mara nyingi huambiwa kuwa anaangalia nchi ambayo haijaguswa na mtu. Kauli hiyo si ya kweli, na nimeandika makala haya kwa sababu inaniuma kuiona ikirudiwa.

Kwanza, barafu yenyewe. Theluji inayoanguka milimani mwaka baada ya mwaka bila kuyeyuka yote hushindiliana, ikageuka barafu ngumu, na uzito ukizidi huanza kuteremka bondeni polepole kama mto mzito. Njiani husaga miamba. Mabonde yaliyochimbwa hivyo huwa marefu, membamba, yenye kuta za mawe pande zote mbili, na sakafu yake huweza kuwa chini kabisa ya usawa wa bahari. Barafu ikiondoka, bahari huingia. Watu wa Norwe wanaziita hori za namna hiyo fiyodi, na jina limeenea duniani.

Mto wa barafu unaofika baharini una tabia ya ajabu. Husukuma mbele yake kifusi cha mawe na mchanga, kisha hukaa juu yake kama mtu aliyesimama kwenye tuta, na tuta hilo huukinga na maji ya kina. Siku ukirudi nyuma kidogo ukaliacha tuta lako, unaangukia kwenye kilindi ulichokichimba mwenyewe. Hapo maji huumega kutoka chini, mapande makubwa kama majumba huporomoka, na kurudi nyuma kunakuwa kwa kasi ambayo mtu mmoja anaweza kuishuhudia katika maisha yake. Hicho ndicho alichokiona Charley.

Lakini kabla ya barafu kurudi, iliwahi kuja. Na ilipokuja ilikuta watu.

Watlingit wa Huna, wenyeji wa pwani ile, wanasimulia kuwa pale palikuwa na bonde lenye nyasi na mto wa samaki aina ya samoni, nao waliliita S'é Shuyee. Palikuwa na kijiji, na koo zilikuwa na nyumba zake. Msichana mmoja, Kaasteen, alikuwa amevunja ungo. Kwa desturi yao alitawishwa, akafichwa nyuma ya pazia asionekane, kama mwali anavyowekwa ndani kwetu. Upweke ulimzidi. Akafunua pazia, akachukua kipande cha samaki mkavu, akauita mto wa barafu uliokuwa mbali bondeni kama mtu anavyomwita mbwa wake. Barafu ikaitika. Ilianza kutambaa, kisha ikaja kwa kasi ya mbwa anayekimbia, nyumba zikatikisika, na wazee wakaelewa kuwa mji umekwisha.

Mtu mmoja alipaswa kubaki. Katika simulizi ya ukoo mmoja aliyebaki ni Kaasteen mwenyewe. Katika nyingine ni bibi yake, aliyesema kuwa binti bado atazaa na ukoo utaendelea, basi atakayekaa ni yeye aliyekwisha zaa. Kwa Watlingit mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo maneno hayo yalikuwa na uzito wa taifa zima. Wengine walipakia mitumbwi na kuondoka huku wakiiona barafu ikiifunika nyumba na aliyekuwa ndani yake. Ukoo wa Chookaneidí umeshika kumbukumbu hiyo kwa nyimbo zinazohesabiwa kuwa mali yake. Waliokimbia walitawanyika, na baadaye wengi wakajenga ng'ambo ya mlango wa bahari, mahali walipopaita Xunniyaa, penye kinga ya upepo wa kaskazini. Mji huo sasa ni Hoonah.

Kwa muda mrefu wasomi waliisikia habari hii kama ngano ya watoto. Leo wanajiolojia wanasema barafu ilifika ukomo wake kwenye mdomo wa ghuba yapata mwaka 1750, ikiwa na unene wa zaidi ya futi 4,000 na upana wa mpaka maili 20. Wazee wa Hoonah walikuwa wamelihifadhi tukio hilo kwa vizazi, na walikuwa sahihi.

Wazungu walipofika, kurudi nyuma kulikuwa kumeshaanza. Julai 1794 Joseph Whidbey, ofisa wa Vancouver, alipita kwa mashua katika mlango wa bahari ambao sasa unaitwa Icy Strait. Upande wa kaskazini aliona kijighuba cha kama maili tano tu, na mwisho wake milima ya barafu iliyofunga njia. Hicho ndicho kilichochorwa. Muir alipofika 1879, barafu ilikuwa imerudi zaidi ya maili 30 na ghuba nzima imezaliwa. Hakuna ramani ya Ulaya iliyokuwa nayo. Charley alikuwa nayo kichwani.

Kuingia hakukuwa rahisi. Walikuta wawinda sili wa Huna katika kibanda, wakaomba mmoja wao awaongoze. Mke wa huyo mwongozaji alihofia kumpoteza mumewe. Mvua na theluji viliwapiga. Toyatte alisema Muir lazima ni mchawi, kutafuta elimu mahali pale katika hali ile ya hewa. Na usiku mmoja mabaharia wakataka kurudi, kwa kuwa barafu ikifunga njia mtumbwi utapondwa kama yai. Muir aliwaomba wamwamini, na Mzee Toyatte akakubali kuendelea, akisema hata mtumbwi ukivunjika atakuwa na wenzake wema katika safari ya kwenda ulimwengu mwingine.

Jumapili, Young alipopumzika kwa ajili ya sabato, Muir alipanda mlima peke yake. Mawingu yakafunguka kidogo, akaona ghuba imeenea chini yake, mapande ya barafu yakielea, na mito mikubwa ya barafu ikiteremka kutoka pande zote. Habari alizoandika magazetini ndizo zilizowaita wengine. Jina lake likabandikwa kwenye mto mkubwa wa barafu upande wa mashariki. Toyatte hakuishi kuona matokeo. Miezi michache baadaye alipigwa risasi na kufa katika ugomvi huko Wrangell, akijaribu kuwatetea watu wake. Ningependa kuona jina lake likitajwa kila mara jina la Muir linapotajwa.

Marekani ilikuwa imeinunua Alaska kwa Urusi mwaka 1867, kwa dola milioni 7.2, bila kuwauliza Watlingit. Meli za posta zilipita kati ya visiwa zikibeba barua, unga na wachimba dhahabu. Julai 1883 nahodha James Carroll wa meli *Idaho* aliamua kuwaingiza abiria wake kwenye ghuba ya Muir. Ndani alikuwamo mwandishi wa habari mwenye umri wa miaka 26, Eliza Ruhamah Scidmore. Kitabu chake cha 1885 kuhusu pwani ile kilisomwa sana, na naamini yeye ndiye aliyefungua njia ya utalii kuliko nahodha yeyote. Baadaye alikuwa mwanamke wa kwanza katika bodi ya chama cha jiografia cha National Geographic, na ndiye aliyepigania miaka mingi miti ya cheri ya Kijapani ipandwe Washington, mpaka ikapandwa 1912.

Baada ya *Idaho* zilifuata nyingine, na katika miaka ya 1890 meli *Queen* ndiyo iliyosifiwa kuliko zote. Carroll alijengesha njia ya mbao juu ya tope na kifusi ili mabibi wenye gauni ndefu waweze kutembea mpaka juu ya barafu. Bandarini Sitka na Wrangell, wanawake wa Kitlingit waliketi chini kwa mstari wakiuza vikapu vilivyosukwa kwa mizizi ya msonobari, vimekazwa kiasi cha kushika maji. Ni kazi ya kuchimba mizizi, kuibabua, kuipasua na kuisuka kwa majuma, nayo iliuzwa kwa abiria mwenye nusu saa ya kununua.

Wakati huo mtafuta madini mmoja, Dick Willoughby, aliwauzia watalii picha ya mji unaoonekana kama mazigazi juu ya barafu ya Muir, akauita Mji wa Kimya. Watu walinunua na kubishana juu yake. Ilikuja kugundulika kuwa ni picha ya Bristol, Uingereza. Jambo hili limenikaa moyoni: wasafiri walikuwa tayari kuamini kuwa juu ya barafu kuna mji wa Kiingereza, na chini yake ulikuwapo mji wa kweli ambao hawakuuliza habari zake, ingawa Watlingit walikuwa bandarini wakiwauzia vikapu.

Safari kubwa kuliko zote za zama hizo iliondoka Seattle tarehe 31 Mei 1899. Edward Harriman, tajiri wa reli, alikuwa ameambiwa na daktari wake apumzike. Akaikodi meli *George W. Elder* na kuijaza watu 126: familia yake, mabaharia, wachoraji, na wanasayansi mashuhuri wa nchi. Muir alikuwamo, na mwandishi John Burroughs, na kijana mpiga picha Edward Curtis. Walikuwa na maktaba, na ng'ombe wa maziwa na mifugo ya kuchinja.

Katika Prince William Sound waliikuta hori iliyozibwa karibu yote na mto wa barafu wa Barry. Ramani iliishia hapo. Harriman aliona upenyo mwembamba kati ya barafu na nchi kavu, akaamuru meli ipite, na dhamana iwe yake. Upande wa pili walikuta fiyodi nzima isiyo kwenye ramani yoyote ya serikali, mito ya barafu imejipanga kuizunguka. Sasa ina jina lake.

Mwishoni mwa Julai, wakirudi nyumbani, walitia nanga mbele ya kijiji cha Cape Fox. Nyumba zilikuwa kimya na nguzo za kuchonga za koo zimesimama ufukoni. Wenyeji, Watlingit wa Saanya, walikuwa wamehamia Saxman baada ya kuandamwa na maradhi. Hawakuwa wameitupa nyumba yao. Wageni walikata kauli kuwa kijiji kimeachwa, wakazing'oa nguzo, wakazipakia melini pamoja na vitu vya ndani ya nyumba, na vyote vikagawanywa kwenye makumbusho na vyuo vikuu. Waliokuwa melini walikuwa wasomi wakubwa, na hakuna aliyezuia meli isiondoke na mzigo ule. Nguzo zilirudishwa mwaka 2001, baada ya miaka 102. Wajukuu wa waliozichonga walizipokea, na wakayapa makumbusho magogo ya mierezi yachongwe upya. Ukarimu kama huo ni mgumu kwangu kuueleza.

Majuma sita tu baada ya Harriman kufika nyumbani, tarehe 10 Septemba 1899, ardhi ilitetemeka. Lilikuwa tetemeko la ukubwa wa takribani 8, kitovu chake Yakutat. Katika Disenchantment Bay ufuko ulinyanyuka kwa mita 14, kome wakabaki wamening'inia kwenye miamba hewani. Mto wa barafu wa Muir ulivunjika, ghuba ikajaa mapande, na kwa miaka iliyofuata meli hazikuweza kuukaribia. Biashara ikahamia kwingine.

Na kwingine hakukuwa salama. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Oktoba 1918, meli *Princess Sophia*, ikitoka Skagway katika theluji nene, ilipanda juu ya mwamba wa Vanderbilt kaskazini mwa Juneau. Ilikaa pale imesimama wima, taa zinawaka, na mashua za uokoaji zikaizunguka. Nahodha alisubiri bahari itulie ndipo ashushe abiria, maana mawimbi yangezipasua mashua kwenye mwamba. Haikutulia. Siku ya pili, tarehe 25, upepo uliizungusha na kuipasua tumbo. Walikufa wote, zaidi ya 340, wengi wao wakitoka Yukon kukimbia majira ya baridi. Aliyefika nchi kavu akiwa hai ni mbwa mmoja.

Muir hakuwapo tena duniani. Mapema 1912, akiwa na miaka 73, alikuwa amefika hata kwetu: alishuka Mombasa, akapanda reli ya Uganda mpaka ziwani, akavuka hadi Entebbe na kwenda Jinja kuangalia maji ya Ziwa Victoria yakimwagika na kuanza safari ya Nile. Alikufa Desemba 1914, na kurasa za kitabu chake cha Alaska zilikuwa naye hospitalini. Kilichapishwa mwaka uliofuata.

Ghuba ilipotulia alifika mtu wa aina nyingine. Mwaka 1916 mwanaikolojia William S. Cooper alipima viwanja vidogo vya mita moja kwa mita moja kwenye kifusi kilichoachwa na barafu, ili aone mmea upi unaanza na upi unafuata: kwanza majani ya kutambaa, kisha vichaka vinavyorutubisha udongo, mwishowe misonobari. Viwanja hivyo bado vinapimwa mpaka leo. Yeye na wenzake waliiomba serikali ihifadhi eneo lote, na Februari 1925 Rais Calvin Coolidge akatia saini.

Kwa sayansi ilikuwa baraka. Kwa Wahuna, nyumba yao ilifungwa mara ya pili, safari hii kwa karatasi. Barafu ilikuwa imeondoka, nao walikuwa wamerudi kila msimu: sili, samaki, matunda ya porini, na mayai ya shakwe mwanzo wa kiangazi, siku ambayo familia nzima ilipanda mashua na watoto wakafundishwa majina ya visiwa. Mwaka 1944 moto uliteketeza Hoonah pamoja na hazina za koo. Kisha katika miaka ya 1960 na 1970 sheria za hifadhi zikaanza kukazwa, na waliookota mayai mahali pa bibi zao wakawa wahalifu. Mwaka 1980 hifadhi ikapandishwa daraja kuwa hifadhi ya taifa, wakati meli kubwa za kitalii zilikuwa zimesharudi. Mgeni aliruhusiwa kuingia kupiga picha. Mwenyeji hakuruhusiwa kuokota yai.

Wahuna walikuwa na utaratibu wao wa mayai. Shakwe hutaga mpaka mayai matatu. Kiota chenye yai moja au mawili huchukuliwa, kwa kuwa mama atataga tena; chenye matatu huachwa, kwa kuwa ameshaanza kuatamia. Watafiti walipochunguza walikuta hesabu hiyo ni sahihi. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwarudishia haki hiyo mwaka 2014, miaka 89 baada ya saini ya Coolidge.

Siku hizi meli kubwa zinazoingia ghubani haziruhusiwi kuzidi mbili kwa siku. Asubuhi mashua ndogo huisogelea meli ikiwa inatembea, na askari wa hifadhi hupanda kwa ngazi ya kamba. Melini wamo pia wasimulizi wa Kihuna, wanaowaeleza abiria kuhusu S'é Shuyee wakiwa juu ya maji yaliyoifunika. Meli hupanda ghuba maili 65 hivi mpaka ukuta wa mto wa barafu wa Margerie, hupunguza mwendo, na watu hunyamaza wakisubiri pande limeguke. Mwanga huonekana kwanza, sauti hufuata. Watlingit huiita radi nyeupe.

Mto wa Muir hauko tena kwenye njia hiyo. Picha iliyopigwa 1941 inaonyesha barafu imejaa bondeni. Ya 2004, kutoka mahali pale pale, inaonyesha maji na vichaka, na barafu imerudi kama maili saba. Kurudi kwake kulianza kabla ya viwanda kuchafua hewa, lakini leo joto la dunia linaila mito ya barafu ya Alaska nzima, kama linavyokula ile ya Kilimanjaro. Nayo nchi, iliyokandamizwa na uzito ule, bado inanyanyuka kama sentimita tatu kwa mwaka.

Tarehe 25 Agosti 2016 mitumbwi ya kuchonga ilivuka Icy Strait kutoka Hoonah. Wapiga kafi walikuwa wa koo nne za Kihuna, wamevaa mavazi ya koo zao, na mamia ya watu waliwangojea ufukoni Bartlett Cove, mahali palipokuwa chini ya barafu wakati ule wa Kaasteen. Walikuja kufungua Xunaa Shuká Hít, Nyumba ya Mababu wa Huna, nyumba ya kwanza ya ukoo kusimama ghubani tangu barafu ilipozifunika zile za zamani. Wachongaji wa Hoonah walikuwa wameichonga miaka kadhaa, na ukutani wameiweka historia ya kila ukoo. Nyuma yake msitu wa misonobari unaanza hatua chache kutoka majini.